Kibaba cha Nuru

Umeme umekatika, Barabara ya Kumi na Tano.
Kidawa, njoo juu ya paa.
Kamera iko kwenye miguu mitatu, usiiguse.

Mchana napiga za pasipoti: kufumba na kufumbua.
Usiku jicho lake naliacha wazi
kama ndoo chini ya bomba linalovuja:
tone, tone, nuru ijaze kibaba.

Sekunde ishirini tu. Ukizidisha, nyota huwa mistari.
Si nyota zilizokimbia;
ni sisi, Ngamiani nzima, tunaozunguka.
Piga arubaini. Zipange moja juu ya moja,
chenga zitafutika.

"Hiyo rangi umepaka?"

Ilikuwepo. Jicho lako
halina subira ya ndoo.

Umerudi! Mtaa mzima washangilia.
Sisi wawili twasonya.