Mbwa Aitwaye Mwenyewe-Nani

Nguruwe alipita chini ya seng'enge,
mbwa wakapita, njuga zao za bati
zikazama kwenye mistari ya mkonge.
Mimi nikabaki upande wa Kwafungo, na mkuki,
na kibao: USIPITE. MALI YA KAMPUNI.

Mbwa husoma kwa pua.

Akaja mlinzi, Semkiwa, na rungu,
buti moja halina kamba.
"Sheria naijua," nikamwambia. "Siingii. Naita tu."
"Ita."

Nikapaza: "Mwenyewe-Nani! Mwenyewe-Nani ee!"
Mkonge ukarudisha: nani, nani.
Akanikazia macho. Babaye kazikwa humo,
kati ya mstari wa arobaini na njia ya trekta;
kaburi halina kibao.
"Wanitukana?"
"Namwita mbwa."

Wakarudi wawili, Subira na Hayakuhusu,
ndimi nje, puani damu ya miba.
Wa tatu, mwenye jina lake, kimya.

Semkiwa akageuka kutazama nyumba ya meneja,
akaukanyaga waya wa chini kwa buti lile bovu,
wa juu akaunyanyua.

"Dakika kumi," akasema. "Na hata ukimpata,
mwite tena.
Kwa sauti."