Somo la Mita

Mwalimu Nyamizi hakuandika "tabianchi" ubaoni.
Alitutoa nje, hapa Igombe, tukaizunguka mita ya Luku:
kataa kekundu kanakonyeza haraka haraka
kama jicho la mwenye homa.
Shija akakimbia, akazima taa za darasa la sita
zilizokuwa zikishindana na jua.
Konyezo likapoa.

Kisha tukashuka ziwani.
Goli letu la kusini limezama,
maji yanalamba mtambaa wa panya,
na kwenye wavu uliobaki amenasa sato.
"Nani kafunga?" akauliza.
Tukacheka. Halafu tukaacha.

Jikoni, Mama Minza anapuliza kuni za mwisho,
maharage bado magumu,
na Lugiko, bila kutumwa,
anatafuta jiwe
la kukandamiza mfuniko wa sufuria.