Ukurasa wa Sitini na Moja

Kitabu nilikiazima maktaba ya Kakamega,
jalada limefungwa utepe wa kahawia kama kidonda.
Nikakiweka chini ya kaunta, kati ya mizani na daftari la madeni,
nikawa nakisoma wateja wakiadimika,
yaani saa tisa, mvua ikishaanza kupiga mabati
na mji mzima umesimama kwenye vibaraza vya watu.

Kurasa sitini zilikwenda kama chai ya moto,
kwa tamaa, kwa tahadhari.
Palikuwa na fundi saa, jina lake Badi,
mwenye kucha safi na kikohozi,
aliyeweza kujua saa imekufa lini
kwa kuiweka sikioni tu.
Nikampenda. Sioni haya.

Ukurasa wa sitini na moja, pambizoni,
kwa penseli, herufi zilizoinamia kushoto:
"Usimpende huyu."

Nilikifunga kwa kishindo, maharagwe yakaruka.
Nani huyu aliyenitangulia
akanywa maziwa, akaniachia kibuyu
na habari kwamba yalikuwa matamu?

Muhonja wa duka la pili alinicheka.
Yeye husoma ukurasa wa mwisho kwanza, amesimama,
hata miwani hajaifuta.
"Nijue ni harusi au ni jeneza,
ndipo nijue nguo ya kuvaa."
Mumewe naye hasikilizi mpira redioni
mpaka aambiwe matokeo; anasema ana presha.
Nyumba ile hakuna anayeshtuka.

Mimi ni wa kushtuka.
Lakini neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea.
Niliendelea, na kila Badi alipokohoa
nikahesabu siku zake.
Alipovunja kikombe cha dada yake,
nikasema, mwacheni, ana muda mchache.
Alipoitoa hati ya shamba kabatini
"aiangalie tu,"
nikasema, mgonjwa hupenda kushikashika vitu.
Alipodanganya nilimfunika kwa huruma
kama mtu anayekimbilia mahindi uani wingu likitanda.
Nililia mapema, kwa mkopo,
nikalia kama jiwe la Ilesi
ambalo halingoji kupigwa.

Mia tatu na nne. Mwisho.
Badi hakufa.
Badi alinenepa.
Kikohozi kilipona sura ya kumi na nne, kwa sentensi moja,
nami sikuiona,
nilikuwa nikitafuta sanda.
Dada yake sasa anapanga chumba
kwenye shamba la mama yake mwenyewe,
na Badi anamletea zawadi, saa ya ukutani,
inayokwenda sawasawa.

Nilikaa. Mvua ilikuwa imeacha.
Trekta la miwa lilipita, watoto nyuma yake wakivuta
kila kilichokubali kuvutika.
Nikarudi sitini na moja.
"Usimpende huyu."
Hakuwa amenitobolea chochote.
Alikuwa amenishika mkono barabarani nisigongwe,
nami nikadhani anataka pochi.

Nina kaka yangu Malava.
Sitasema zaidi. Nawe hupendi kuambiwa.

Kabla ya kukirudisha nilichukua penseli ya madeni.
Ufutio ulikuwa upande wa pili, mwekundu, tayari.
Nikaigeuza.
Nikaandika chini ya maneno yake:
"Nilikusikia vibaya."

"Umemaliza?" Muhonja huyo, dirishani. "Ehe, anakufa?"
Nikachota maharagwe, nikasawazisha kwa kiganja,
nikamuuliza ni gorogoro moja au mbili.