Sahihi

Bwana Mwakideu ananisogezea karatasi
kwa kidole kimoja, kama kete ya drafti.
Amekwisha nichorea alama za penseli:
mahali pa jina, mahali pa kitambulisho,
mahali pa kusema nimeridhika.

Laki moja na elfu themanini.
Cheki iko tayari, asema, imetoka Nairobi,
yangoja mkono wako tu.
Feni yazunguka juu ya mafaili yetu,
sisi tuliogongwa.

Nasoma polepole. Yeye atazama saa.
Fungu la nne: naachilia madai yote,
yanayojulikana na yasiyojulikana,
yaliyotokea na yatakayotokea.
Namuuliza, hilo lisilojulikana
nitaliachiliaje, nami sijalijua?
Acheka. Mama, hayo ni maneno tu ya mawakili.

Maneno tu.
Na talaka ni maneno tu.

Foleni ilisimama Kibarani, nami nikasimama.
Lori la saruji halikusimama.
Bampa ilipelekwa Bondeni, ikanyooshwa, ikapigwa rangi,
hata kovu silioni.
Shingo haina spea.

Nami ni fundi cherehani. Januari nzima
huinamia sare za shule, kola baada ya kola,
tangu alfajiri hadi isha.
Daktari wa Makadara kaniambia: ngoja, Mwanasiti,
wiki sita, kisha tupige picha tena.
Cheki haingoji wiki sita.
Mwenye nyumba naye hangoji.

Majuto ni mjukuu, husema wakubwa.
Wangu hajazaliwa,
na tayari yumo fungu la nne,
kaachiliwa.

Kalamu naishika. Jina langu najua kuliandika.
Ila Mwalimu Dzame, darasa la tatu,
alitia sahihi kwa wino mwekundu
pale tu jawabu lilipokuwa kweli.

Naikunja karatasi mara nne, naitia mkobani.
Nipe hadi Ijumaa.
Wakubwa wangu wanaweza kuiondoa hiyo pesa, asema,
wala si kwa ubaya:
kola ya shati lake imechakaa, imegeuzwa mara moja,
na aliyeigeuza hakujua kazi.

Nje, Barabara ya Digo. Magari yatoka kulia.
Shingo haigeuki.
Nageuka mzima,
kama mlango.