Chenga

Kifuniko kilikuwa na skrubu sita, mbili zimeliwa na kutu.
Ndani, vumbi jekundu la Newala,
mbawa za mende, ganda moja la korosho.
Nani aliliingiza humo, na lini, mashine haisemi.

Baba aliinunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao,
mwaka ule ndoo ya maji ilipoishinda soda kwa bei.
Kibodi na ubongo sanduku moja,
waya mmoja nyuma, unachomekwa kwenye tundu la antena.
Humo aliandika mizigo ya Chama cha Msingi:
jina, kilo, makato,
kwa herufi kubwa, maana ndogo haikuwa nazo.
Mchana alipima. Baada ya miezi miwili alilipa,
akisoma kiooni, pua karibu iguse,
chenga zikinyesha juu ya majina ya watu.

Kisha radi. Chipu ya picha ikaungua,
na televisheni ya siku hizi, bapa kama sinia,
ikiitazama mashine inasema tu: Hakuna mawimbi.

Mimi ni fundi simu, kibanda cha tatu, stendi.
Bodi mpya ilikuja na basi, imefungwa ndani ya soksi,
ndogo kuliko kiberiti,
miguu arobaini, sawa na ya marehemu.
Nikanyonya risasi ya zamani, tundu kwa tundu,
usiku kucha, umeme ukikatika mara mbili.

Kinachonishangaza ni adabu yake.
Kichwa cha mashine kinauliza kama kilivyouliza siku zote,
mstari umefika wapi,
na bodi inajibu kwa lafudhi ya aliyekufa.
Ina mbio mara elfu,
lakini inangoja pale mwenzake alipokuwa akingoja.

Nikabonyeza. Buluu, safi, kama sare iliyopigwa pasi.
Kaseti ikalia dakika nne.
Majina yakashuka, kila nukta na kona zake.

Baba akasogea. Akarudi nyuma. Akavaa miwani.
SOMOE NANDONDE 88.
Akakiendea kile kitabu chake cha malipo, karatasi zimeota madoa,
akashusha kidole mpaka kwa Somoe:
33. Kwa mwandiko wake mwenyewe. Na sahihi ya dole gumba.

“Ilikuwa inaonekana tatu,” akasema.
Sikumjibu.
“Tatu na nane, zile chenga...”
Halafu, taratibu, kama anayeomba chumvi kwa jirani:
“Huwezi kuzirudisha?”

Ninaweza. Chaguo hilo limo ndani ya bodi.
Kuna watu waliolilia ukungu wa utoto wao,
wakatengenezewa mistari ya uongo, kivuli cha kioo kibovu.
Ni kitufe kimoja.

Nikachomoa pasi ya risasi, ikaanza kupoa mezani.
Nikamuuliza Bi Somoe aliacha watoto wangapi.