Usiku Mmoja Ndani ya Spiriti

Huku Ng'ong'ona kila kitu kina vumbi:
unga, shuka, meno ya mtu akicheka.
Kasoro kipande hiki cha kioo.
Kimepakwa dhahabu nyembamba kiasi kwamba
ukikiinua dirishani, vilima vya Chimwaga
vinageuka kijani kana kwamba mvua imenyesha.

Kaka yangu Mbijima, mchimbaji wa Sekenke,
alikitazama akacheka: "Hii hata jino haizibi."
Yeye huikamata kwa zebaki, kisha huichoma, akavuta moshi.
Mimi naikamata kwa uvundo.
Sechelela, mwenye nyumba wangu, hunusa gauni langu mlangoni
akauliza kama mtungi wa gesi unavuja.
Salfa, namjibu. Bado anakagua mtungi.

Kila molekuli ina kichwa na mkia.
Kichwa ni salfa. Mkia ni uzi wa mafuta,
kaboni kumi na nane zilizoshikana viuno.
Na dhahabu, isiyoshika kutu, isiyoitika wito wa mtu,
salfa ikibisha, inafungua.

Mwanzoni ni vurugu.
Zinalala chali, zinalala kifudifudi,
kama waombolezaji waliofika usiku
na mkeka ni mmoja.
Kisha zinaambizana: sogea, na mwenzio akae.
Zinainuka polepole,
hadi kunakucha zote zimesimama,
zimeinamia upande mmoja kama uwele wa Chamwino.
Lakini uwele huinamishwa na upepo.
Hizi hakuna anayezisukuma:
mimi nimelala, umeme umekatika,
mlinzi Chilongani anakoroma getini.
Zinainama ili zigusane.

Saa mbili asubuhi nasuuza, nakausha,
nadondosha tone la maji.
Halitandai.
Linasimama duara, linatetemeka,
limebeba dirisha zima tumboni.
Na ukuta unaolizuia, unene wake wote,
ukucha wangu hurefuka kiasi hicho kwa sekunde mbili.

Kuna kona moja tone linalegea. Hapo nilishika kwa koleo.
Kwenye droo kuna kipande cha tangu masika;
hewa imeitafuna salfa yake kimyakimya,
na leo tone limetandaa juu yake kama uji.
Nimeandika tarehe. Nimepuliza vumbi kwenye daftari.

Mchana Mbijima kapiga simu.
Mikono inamtetemeka siku hizi, anasema,
chai inamwagika kabla ya kufika mdomoni.
Nikamwambia, kaka, ile zebaki,
na katika simu nikasikia upepo,
wa kwake au wa kwangu, sikujua.