Tatu Iliyofunga Milango

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe,
juu ya duka la vitenge na cherehani isiyonyamaza,
kazi yangu ni kuzipa rekodi namba.

Mama Chausiku alipanda akipumzika kila ghorofa,
mkoba kwapani, ndani yake kanda moja
iliyofungwa kwa leso, kama dawa.
"Marehemu anapuliza humu," alisema. "Saksafoni. Sikiliza."
Nikasikiliza. Mwidini Ngakonda, mwaka sabini na tisa,
anakohoa kabla ya kuingia,
na hakuna aliyethubutu kukikata kikohozi kile.

Nyimbo tano. Mmoja umerekodiwa mara mbili:
polepole, kisha kwa kasi ya watu
wanaokaribia kufukuzwa ukumbini.
"Wimbo ni uleule. Namba mbili za nini?"
Kulwa na Doto walilala tumbo moja, mama,
lakini ukiita Kulwa, Doto haitiki.

Akacheka. Nikaendelea, maana nimepata msikilizaji.
Hii mistari ya nyuma ya jalada, minene na myembamba,
ni namba ya nyumba. Nyumba yako ya Magomeni, vyumba sita.
Ile nyingine ni jina la mpangaji.
Kesho akihama, akapange Temeke
kwenye mkusanyiko wa watu asiowajua,
jina lake analibeba, kama godoro.

"Na mbona umeandika mwaka huu?
Mwenzio kafa kabla ya simu za mkononi."
Ni mwaka wa kuandikishwa, mama, si wa kuzaliwa.
"Haya," akasema. "Hata mimi cheti nimekipata nina wajukuu."

Sasa nije kwenye lile ninalolizunguka.

Namba ya nyumba ina mlinzi,
tarakimu ya mwisho, ya kumi na tatu:
hii zidisha kwa moja, ile kwa tatu, jumlisha;
ukiteleza mahali, mlinzi anagoma, mashine haitoi mlio.
Namba ya mpangaji haina mlinzi.
Herufi za nchi, herufi zetu, mwaka, tarakimu tano,
basi.
Inalindwa na macho yangu,
na siku ile umeme ulikatika,
nikamalizia kwa tochi ya simu,
nikaandika nane penye tatu.

Nane ni tatu iliyofunga milango.

Miezi kumi na minne kikohozi cha Ngakonda
kilihesabiwa kwa kijana mmoja wa Kimara
anayeimba kuhusu viatu.
Senti zake, chache, za sukari na mchele,
zikaenda Kimara. Hakuiba. Hata hakujua.
Alishangaa tu, aliniambia,
kwamba Ujerumani kuna wazee wanaopenda viatu.

Nilikwenda Magomeni mwenyewe, bahasha mkononi,
hotuba yangu ya kuomba radhi nimeikariri tangu Jangwani.
Mama Chausiku alikuwa uani anachambua mchele.
Hakuifungua bahasha.
"Kwa hiyo walimsikia?"
Walimsikia.
"Mara ngapi?"

Elfu tisa, mia mbili na kumi na nne.

Akapepeta. Pumba zikaenda zao.
"Hiyo ndiyo namba ya kuniandikia," akasema.
Nikaigeuza bahasha, nikaiandika nyuma yake,
taratibu, neno kwa neno,
bila kutumia tarakimu hata moja.